Breki na usukani wa pikapu ya zamani: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Mwanza

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, LN106, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za majani kote kote. Inabeba mchanga na matofali, na dagaa wakichangamka inashuka mwaloni. Breki na usukani wake nimevifungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa hiyo kila nikipita gereji za Nyakato lazima mtu aniite: "Kaka, njoo kwanza, nina swali." Maswali ni yale yale, nimeona niyaandike. Mengi yanaihusu Hilux na Land Cruiser kwa kuwa ndizo zimejaa huku, lakini mwenye Isuzu, Nissan au Land Rover 109 naye atapata lake humu.

Nina hela ya kazi moja tu. Nianze na pawa stelingi (usukani unaosaidiwa na pampu ya oili) au breki?

Breki. Najua mikono ndiyo inayouma, na anayekata kona za Mabatini siku nzima kwa usukani mkavu ana haki ya kulalamika. Ila usukani mzito unakuchosha tu, breki mbovu inakuua wewe na wa bodaboda aliyejitokeza mbele yako pale Buzuruga.

Kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza inaongezeka mara nne. Gari lililosimama vizuri kutoka kilomita 40 kwa saa halijakuonyesha lolote kuhusu 80. Ukitoka Usagara kuelekea Misungwi kwa 80, kila sekunde unakula mita 22. Sekunde moja ya kushtuka imeshaondoka na mita hizo kabla mguu haujagusa pedeli, kisha breki nzima kabisa, kwenye lami kavu, zinataka mita 40 hivi nyingine. Hapo sijaweka mzigo wala tairi kipara.

Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hata ule muda wa gari kupoa kwenye foleni ya kivuko haupo tena. Unakwenda mfululizo mpaka Sengerema au Geita.

Nikikanyaga, pedeli ni ngumu kama jiwe na gari linakataa kusimama. Nifunge breki kubwa?

Ngoja kwanza. Pedeli ngumu mara nyingi haihusiani na ukubwa wa breki, ni busta, lile kopo linaloongezea nguvu ya mguu, haipati vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Injini ya dizeli haina mlango wa hewa unaobana kama ya petroli, kwa hiyo haitengenezi vakyumu yenyewe. Imepewa pampu yake, na kwenye dizeli nyingi za Toyota za zamani pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta. Sasa fikiria: alteneta imeungua, umekwenda kununua ya mtumba, muuzaji kakupa yenye umbo lile lile lakini pampu yake imechoka. Taa inawaka, betri inachaji, breki zimekufa, na wewe unamlaumu fundi wa breki.

Kipimo hakina gharama. Zima injini, kanyaga pedeli mara tano sita mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Busta ikiwa nzima, pedeli itashuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, kagua mpira unaotoka kwenye pampu, ile valvu ndogo ya kuzuia hewa isirudi, pampu yenyewe, na busta ndiyo ya mwisho. Mpira uliopasuka kwa chini, mahali jicho halifiki, nimeukuta kwenye magari mawili ambayo wenyewe walikuwa tayari wameagiza busta.

Jingine ambalo hata mafundi hushangaa nikilisema: busta inasukumwa na uzito wa hewa ya nje. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 12. Hivyo busta iliyochoka kidogo na bado inajikongoja Tanga, huku inadhihirika mapema.

Pikapu yangu ina dramu hadi mbele. Inafaa kuweka diski?

Kama ni Land Cruiser ya zamani ya mfululizo wa 40 au Land Rover 109, nasema ndiyo bila kusitasita, ilimradi unaitumia barabarani kila siku. Dramu hufunga vizuri sana mara ya kwanza na ya pili. Shida ni joto. Dramu ikipata moto inapanuka na kuikimbia shuu, kile kipande kinachoisugua kwa ndani, na pedeli inazidi kwenda chini kila unapokanyaga. Diski iko wazi, inapoa upesi, na ikiloa maji inayatupa yenyewe kwa kuzunguka.

Kwa Land Cruiser ya 40, njia iliyozoeleka ni kuchukua vifundo vya mbele (vinavyogeuka na magurudumu) pamoja na habu, diski na kalipa inayobana pedi kutoka Land Cruiser ya 60 au Hilux ya ekseli nzima. Toyota walitumia vipimo vinavyokaribiana mno, ndiyo maana jambo hili linawezekana bila kuchomelea. Nunua vyote kutoka gari moja. Ukiokota kalipa huku, diski kule na habu Dar es Salaam, utashinda gereji mwezi mzima ukitafuta washa za kujazia nafasi. Kuna kalipa za diski nyembamba isiyo na matundu na kuna za diski nene ya kupitisha hewa katikati, na hazibadilishani hivi hivi. Diski ya mtumba ipime unene: kiwango cha chini kimechapwa kwenye chuma chenyewe.

Kisha kuna kipengele kinachosahaulika. Masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli) nyingi za dramu zina valvu ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye paipu ili shuu zisirudi mbali. Diski haiitaki presha hiyo hata kidogo. Ukiiacha, pedi zitakuwa zinasugua muda wote, na utaona rimu za mbele hazishikiki kwa moto baada ya safari ya Magu tu. Badilisha masta silinda iwe ya gari lenye diski mbele na dramu nyuma.

109 nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yamekwisha. Kabla hata ya kuwaza diski, weka masta silinda ya njia mbili, mbele na nyuma kila moja na yake. Kama una hela ya jambo moja tu kwenye 109, ni hilo.

Na nyuma je, diski pia?

Kwa pikapu ya mzigo, hapana. Dramu ya nyuma iliyo safi na iliyorekebishwa inatosha, na handibreki yake inashika kuliko handibreki nyingi za diski. Hela hiyo nunua tairi.

Fundi kaniambia nifunge masta silinda kubwa nipate breki kali. Kweli?

Utapata pedeli fupi, na wengi huichanganya na breki kali. Masta silinda yenye kipenyo cha inchi 1, ukiilinganisha na ya 7/8, ina eneo kubwa zaidi kwa asilimia 30 na ushee. Maana yake inasukuma mafuta mengi zaidi kwa hatua moja, lakini ili upate presha ile ile kwenye gurudumu inabidi ukanyage kwa nguvu zaidi kwa asilimia hiyo hiyo. Inafaa pale tu ulipoweka kalipa kubwa zinazohitaji mafuta mengi na pedeli ikawa inazama mno. Kama kalipa ni zile zile, unajiongezea kazi ya mguu.

Kuna fimbo inayotoka kwenye chesisi hadi ekseli ya nyuma. Fundi anataka kuitoa. Inafanya nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pikapu nyingi za Mwanza zimeharibiwa na watu wenye nia njema.

Hiyo fimbo inaendesha valvu ya kupimia mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, fimbo inaiambia valvu ipunguze presha ya breki za nyuma, kwa sababu mkia mwepesi ukifungwa sana unateleza. Ukipakia, bodi inashuka, valvu inaachia presha iende nyuma kwenye uzito. Kifaa cha kawaida tu, hakina umeme wala kompyuta.

Sasa huku kwetu kila mwenye pikapu anaongeza jani la springi, mengine mawili, ili abebe mchanga. Bodi inapanda. Valvu nayo haijui habari za majani mapya. Inachojua ni kwamba bodi iko juu, basi gari ni tupu. Hata ukiweka tani nzima, nyuma hakuendi presha ya kutosha. Breki za mbele zinabeba kila kitu, pedi zinaisha mapema, diski zinapinda, na mwenye gari anaanza kutafuta "breki kubwa". Dawa ni kukipandisha kile kibano cha fimbo pale ekselini kwa kiasi kile kile ambacho bodi imepanda. Bodi imepanda sentimita 5, kibano kipande sentimita 5. Kazi ya nusu saa na kipande cha chuma.

Mimi sikufanya hivyo. Fundi mmoja alinishauri tuiondoe valvu na kuunganisha paipu moja kwa moja, na kweli, likiwa na mzigo gari lilikuwa linasimama kama limegonga ukuta. Nikamsifia. Wiki ya pili nikawa narudi kutoka Kayenze bila mzigo, mvua imeanza kunyesha, yale matone ya kwanza yanayochanganyika na vumbi na kuifanya lami iwe sabuni. Mbuzi wakakatiza. Nilikanyaga, si kwa nguvu, na mkia ukanipita. Nilisimama nikiwa nimeangalia Kayenze, mbuzi wanaendelea na safari yao. Kesho yake nilinunua valvu ya mtumba na kuirudisha.

Valvu iliyoganda kwa kutu inafunguliwa, inasafishwa au inabadilishwa. Haiondolewi.

Mafuta ya breki yote si sawa? Napaswa kuyabadilisha lini?

Hayako sawa. Tumia DOT 3 au DOT 4. Hizo mbili zikichanganyika hakuna neno. DOT 5 ni ya silikoni na haichangamani na hizo. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, DOT 4 mpya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya vya kutosha DOT 3 inachemkia 140 tu. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanika: pedeli inakwenda mpaka chini bila kugusa chochote. Huku ziwani unyevu haukosekani, basi badilisha yote kila miaka miwili. Kopo lililofunguliwa likakaa rafuni kwa fundi tangu masika usilikubali.

Wapo wanaoongezea maji ya sabuni njiani ili wafike. Maji hayo yanachemka chini ya nyuzi 100 na yanaozesha silinda kwa ndani. Mbaya zaidi ni anayeongezea oili ya injini au haidroliki ya pawa stelingi. Oili ya namna hiyo inavimbisha raba zote, kuanzia masta silinda hadi wili silinda ya mwisho. Ikishaingia, kuimwaga hakusaidii. Ni kubadilisha kila raba na kuosha kila paipu. Kwa sababu hiyo hiyo raba za breki hazioshwi kwa petroli wala mafuta ya taa. Zioshe kwa mafuta ya breki yenyewe.

Gari langu linaingia majini kila siku kupakia samaki. Breki zinaisha haraka, kwa nini?

Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa kutu tuna nafuu kuliko wenzetu wa pwani. Kinachokula breki zako ni mchanga. Ukirudi nyuma mpaka ekseli iguse maji, dramu inajaa maji yenye mchanga laini. Maji yanatoka, mchanga unabaki unasaga shuu na dramu kama jiwe la kunolea. Toa dramu kila mwezi, mwaga, osha kwa maji na sabuni. Usipulize vumbi lake kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto linasababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Loanisha, futa, nawa mikono.

Kuna kosa jingine la mwaloni. Ekseli iliyotoka safari ni ya moto. Ukiizamisha ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia oili sili na kile kipumulio cha juu. Oili ya difu, zile gia za ndani ya ekseli, ikiwa rangi ya chai ya maziwa, ndiyo hayo. Oili sili ikishakufa, oili ya difu inatambaa mpaka kwenye shuu, gurudumu moja la nyuma linaacha kushika na gari linavuta upande. Subiri ekseli ipoe kabla ya kuingia majini, na kiongezee kipumulio mpira mrefu uupandishe mpaka juu ya chesisi.

Ukitoka majini, endesha polepole huku umekanyaga pedeli kidogo kwa mita mia mbili hivi mpaka usikie zimeshika. Wengi wanatoka mwaloni wa Kirumba moja kwa moja barabarani, wakifika kwenye foleni ndiyo wanakumbuka.

Usukani unacheza. Nakata kushoto, gari linafikiria kwanza. Nibadilishe boksi ya stelingi?

Boksi ndiyo ya mwisho kulaumiwa, lakini ndiyo ya kwanza kukazwa, kwa kuwa ina skrubu moja juu inayomwita kila mwenye bisibisi. Ukiikaza mpaka mchezo wote uishe, usukani utakuwa unakwama katikati, haurudi wenyewe baada ya kona, na meno ya ndani yatalika katika mwaka mmoja. Skrubu hiyo inakazwa kidogo sana, magurudumu yakiwa yamenyooka, na baada ya kila kitu kingine kukaguliwa.

Ukaguzi ni wa watu wawili. Mmoja anakaa ndani, injini imezimwa, anazungusha usukani kushoto kulia kidogo kidogo bila magurudumu kugeuka. Wa pili analala chini na tochi. Kwenye Toyota hizi, ukingo wa usukani hautakiwi kutembea zaidi ya milimita 30 kabla gurudumu halijaitikia. Ukizidi hapo, aliye chini afuate nyendo: shafti ya usukani inazunguka lakini mkono wa boksi haujagusika? Tatizo ni boksi au ile jointi yenye raba. Mkono unasogea lakini fimbo haisogei? Boljointi ya hapo. Fimbo inasogea, kifundo hakisogei? Unaona mwenyewe. Hilux ya mbele yenye springi huru (kila gurudumu na yake) ina aidola, mkono wa kushikilia fimbo, upande wa pili, nayo bushi zake hufa kimya kimya. Ukimaliza, inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza ni beringi ya gurudumu au zile beringi za king pini ambazo kifundo hugeukia.

Kwenye ekseli nzima kama yangu, beringi za king pini ndizo chanzo cha ugonjwa wa usukani kutetemeka ukifika 60 au 70. Watu wanafunga shokapu mpya ya stelingi, mtetemeko unatulia miezi mitatu, unarudi. Shokapu inaficha tu. Ukifungua kifundo ukakuta grisi imekuwa supu, oili sili ya ndani imekwenda, na oili ya difu imeingia humo. Fanya kazi yote pamoja: sili, beringi, grisi mpya. Ni kazi chafu ya siku nzima. Vaa nguo usiyoipenda.

Tairodi endi, yaani ncha za fimbo za stelingi, badilisha kwa jozi, kisha nenda alaimenti. Kwenye ekseli nzima kinachorekebishika kirahisi ni magurudumu kuelekea ndani au nje tu. Anayekutoza kwa vipimo vitatu muulize amerekebisha nini.

Haya, breki ziko sawa, usukani haujachoka. Sasa pawa stelingi?

Sasa ndiyo. Unahitaji boksi ya pawa, pampu na kibano chake, puli ya krenki yenye mfereji wa mkanda wa ziada, tenki dogo, mpira wa presha, mpira wa kurudishia, na mara nyingine jointi tofauti ya shafti ya usukani. Ukikosa kibano cha pampu ya injini yako hasa, usianze. Vibano vya kuchomelea nimeviona vikipasuka, mkanda unaruka, na usukani unakuwa mzito kuliko ulivyokuwa zamani ukiwa katikati ya kona.

Chanzo bora ni gari la aina ile ile lililokuja na pawa kutoka kiwandani. LN106 nyingi zilikuja nayo, kwa hiyo vipuri vinapatikana. Angalia mtego huu: boksi ya Hilux Surf yenye springi huru mbele inafanana kwa macho, lakini mkono wake unatembea kushoto na kulia, wakati wa ekseli nzima ya zamani unatembea mbele na nyuma. Haifungi bila kubadilisha mpangilio mzima wa fimbo. Kwa Land Cruiser ya 40, boksi ya 60 ndiyo inayotumika sana, ila inataka kazi ya uhakika kwenye chesisi, na hapo tafuta mchomeleaji anayejua chuma, si anayetengeneza mageti.

Na shehena ya mtumba kutoka Dubai: magari ya kule yana usukani kushoto. Boksi ya upande huo kwetu ni chuma chakavu, hata ing'ae vipi. Usiingie mkenge.

Ndani ya pawa ya Toyota hizi weka oili ya gia otomatiki ya Dexron, kamwe si mafuta ya breki. Ukimaliza kufunga, inua magurudumu ya mbele na zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Pampu ikilia kama mbwa aliyefungiwa, kuna hewa au oili haitoshi. Usiubane usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, pampu inachemka.

Nikiweka tairi pana zaidi?

Usukani utazidi kuwa mzito, na tairi ikiwa ndefu zaidi breki zitazidi kuwa dhaifu, kwa sababu tairi ndefu inaipinga breki kwa mkono mrefu zaidi. Baki na kipimo cha kiwanda.

Fimbo ya stelingi imepinda baada ya kugonga jiwe. Inyooshwe au ichomelewe?

Ibadilishwe. Hakuna kunyoosha, hakuna kuchomelea, hata kwa fundi unayemwamini kama mjomba.

Handibreki haishiki kilimani. Utingo wangu anaruka na jiwe kila tukisimama.

Mwanza haikosi jiwe, hilo nakubali. Lakini siku utingo akiteleza jiwe likiwa mkononi utajuta. Kwenye Hilux za zamani, waya wa handibreki unavuta kikono kidogo nyuma ya kila dramu, na vikono hivyo vinaganda kwa tope. Fundi anakaza waya, unashika wiki moja, basi. Vifungue, visugue, vitie grisi, virudi vyenyewe vikisukumwa kwa kidole. Vikono hivyo ndivyo pia vinavyoisogeza shuu karibu na dramu kila unapovuta handibreki, kwa hiyo asiyevuta handibreki kabisa anaona hata pedeli ya mguu inashuka mwezi baada ya mwezi. Ukikaa foleni ya kivuko cha Kamanga, vuta handibreki hata pakiwa tambarare.

Kwenye Land Rover 109 handibreki inashika propela, si magurudumu. Ivute gari likiwa limesimama tu.

Spea: mpya au mtumba?

Chuma kikubwa, kama boksi, vifundo, habu na kalipa, mtumba wa Japani naukubali, ila kalipa ifunguliwe na kuwekwa raba mpya. Vya raba na vya kusuguana, yaani mipira ya breki, raba za silinda, pedi, shuu, pamoja na tairodi endi na boljointi, nunua vipya. Mpira wa breki wa mtumba unaweza kuwa mzuri nje na umevimba ndani. Ukivimba unafanya kazi kama valvu: mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu, hayarudi, na gurudumu moja linabaki limefunga. Pedi za bei ya kutupa zijaribu kwa kucha kwenye kona. Zikimomonyoka kama biskuti, mrudishie mwenye duka.

Naweza kutoa upepo kwenye breki mwenyewe nyumbani?

Unaweza, ukiwa na mtu wa kukanyaga, mpira mwembamba na chupa. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, na valvu ya mzigo mwisho kama ina skrubu yake. Wa ndani akanyage na kushikilia, wewe fungua, mafuta yatoke, funga, ndipo umwambie aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi na mnaanza upya. Chagua msaidizi anayesikia. Tenki lisikauke katikati ya kazi. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi, hata yakionekana safi.

Jeki usiisimamishe juu ya mchanga mtupu. Weka ubao, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

Trafiki au bima watasema lolote?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe zima kwa matumizi ya barabarani, breki na usukani vikiwemo. Vipuri vya kiwanda kutoka gari la familia moja havijawahi kuniletea maneno. Ukikata chesisi au kuhamisha kitu kikubwa, waarifu watu wa bima kwa maandishi kabla hujarudi barabarani, na risiti zote ziweke.

Nimemaliza kufunga. Naingia barabarani moja kwa moja?

Bado. Injini ikiwa imewaka, kanyaga pedeli kwa nguvu zote dakika nzima. Ikizama taratibu, kuna mahali panavuja, hata kama hupaoni. Zungusha usukani pande zote huku mwenzako akiangalia mipira ya breki ya mbele kama inagusa tairi au springi. Ukibadilisha kalipa hili hutokea sana.

Kisha tafuta barabara tulivu asubuhi na mapema, gari likiwa tupu. Pedi mpya zinazoeshwa: kutoka kilomita 50 kwa saa punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, rudi 50, mara 20 hivi, ukiacha mapumziko zipoe. Halafu shuka, pitisha mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya kulia na ya kushoto zilingane joto. Moja ikiwa ya moto peke yake, kalipa au mpira wake hauachii, rudi gereji.

Mzigo wa kwanza uwe nusu. Baada ya kilomita 100 kaza upya nati za magurudumu na za boksi, na angalia tenki la mafuta ya breki. Likiwa limeshuka ilhali pedi ni mpya, linavuja. Inua mazulia pale chini ya pedeli kwanza, maana masta silinda ikivujia nyuma mafuta huingia ndani ya busta au hutiririka hapo, na nje huoni hata tone.